Sentimita Kumi na Nane

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Sentimita, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi, maana hili alilitolea jasho. Ukienda kwake ukasema unataka suruali ya kiuno cha "kama themanini hivi", aliweka mkasi chini, akavua miwani na kukutazama mpaka ukajisikia vibaya. "Kama themanini ndiyo ngapi?" aliuliza. Kisha aliivua shingoni tepu yake ya kupimia na kukupima upya, kana kwamba wote waliowahi kukupima kabla yake walikuwa wanatania.

Tepu hiyo alipewa na bosi wake siku alipohitimu ufundi cherehani, miaka ishirini na mbili iliyopita. Ilikuwa ya kitambaa cha manjano kilichofifia, na namba zake za mwanzo zilikuwa zimelika kwa vidole. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Mkewe alipenda kuwaambia wageni kwamba nyumba ikishika moto, mume wake atatoka na tepu kwanza, halafu cherehani, na akishafika barabarani ndipo atakumbuka kwamba alikuwa na mke.

Cherehani ilikaa barazani, ikitazama ziwa. Kati ya nyumba na maji palikuwa na kiwanja kitupu cha nyasi, na miaka yote hiyo Sentimita alipochoka macho aliyainua na kuyapumzisha majini. Kiwanja hakikuwa chake wala hakuwahi kufikiri kwamba kinauzwa. Alikizoea tu, jinsi mtu anavyoizoea redio ya jirani. Kwa hiyo kiliponunuliwa na Nesi, mama mmoja mpole wa makamo aliyefanya kazi hospitalini, Sentimita alijiona ameibiwa kabla hajaibiwa.

Kilichomtuliza ni kwamba fundi mkuu wa nyumba hiyo alikuwa Kitinda, mdogo wake. Mama yao alifariki Kitinda akiwa na miaka minne, na Sentimita, bwana harusi wa mwezi mmoja, alimchukua akamlea yeye na mkewe. Kaptula zake zote za shule zilitoka kwenye mabaki ya vitambaa vya wateja. Alipokua akaenda kujifunza uashi, na kwa miaka kumi alibeba zege la watu wengine. Nyumba ya Nesi ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kusimamia mwenyewe. Siku alipoipata alikimbia moja kwa moja mpaka barazani kwa kaka yake, hata mkewe mwenyewe hajamwambia.

Jumatatu moja asubuhi Sentimita aliinua macho kutoka kwenye mshono, na badala ya kuona maji akaona kamba nyekundu. Nyumba ya ziwani huanza na ukuta wa kuzuia udongo, la sivyo mvua ya kwanza inaipeleka kwa samaki, na Kitinda alikuwa amevuta kamba ya ukuta huo kuanzia kwenye jiwe la mpaka. Sentimita aliitazama kamba. Akainama, akaitazama tena kwa jicho moja, jinsi anavyotazama pindo. Ilikuwa karibu mno na jiko lake.

Aliingia jikoni, akafungua ubao wa dirisha. Kwa ndani palikuwa na maandishi ya penseli aliyoyaandika kwa mkono wake siku mpima ardhi alipolipanda lile jiwe, wakati nyumba ilikuwa bado inanuka saruji na tepu inanuka duka: *Ukuta wa jiko mpaka jiwe, mita sita kamili.* Alitoka na tepu. Tepu ya fundi nguo ina mita moja na nusu, hivyo mita sita unailaza mara nne. Aliilaza ya kwanza, akachora alama kwa chaki, akailaza ya pili, akailaza ya tatu. Mara ya nne jiwe lilimfikia kabla tepu haijaisha.

Zilikuwa zimepungua sentimita kumi na nane.

Alirudia. Alirudia tena akiwa amepiga magoti kabisa, suruali ikaingia tope. Kumi na nane. Ndipo alipoliangalia jiwe lenyewe. Udongo uliolizunguka ulikuwa mbichi, umechimbwachimbwa, na jiwe lilikuwa limeegemea kidogo upande wa jiko, kama mtu aliyesukumwa kwenye foleni. Na katika mtaa mzima ni mtu mmoja tu aliyekuwa amechimba hapo wiki ile.

Aliingia ndani kumwambia mkewe.

"Umekosea kuhesabu," mkewe alimwambia mezani.

"Mimi?"

"Haya, hujakosea. Basi jiwe limetembea lenyewe."

"Mawe hayatembei, mama. Mawe yanatembezwa."

Mkewe aliacha kula. "Huyo ni Kitinda unayemsema. Mimi ndiye niliyemfunga vifungo vya shati mpaka alipofika darasa la tatu. Kamwulize mwenyewe kabla hujaanza kuwaza mambo yako."

Kitinda alipita jioni hiyo, kama kawaida yake akitoka kazini, vumbi mpaka kwenye kope. Alimwamkia kaka yake, akamtania shemeji yake, akakaa kwenye ngazi ya baraza. Sentimita aliuliza kwa mzunguko, huku akijifanya anatafuta sindano.

"Lile jiwe la mpaka. Mlilikuta vizuri?"

"Vizuri, kaka. Lilikuwa limefunikwa na nyasi tu, nikalisafisha lionekane."

"Maana nimepima. Halifiki mita sita."

Kitinda aliinua uso. "Umepima na nini?"

"Nimepima na nini! Na kijiko. Nimepima na tepu, sasa fundi nguo apime na nini?"

Kitinda hakucheka. Aliitazama ile tepu shingoni mwa kaka yake, akatazama ziwa, akatazama buti zake. Kisha akasema shemeji yake asimwekee chakula, leo hana njaa, akaaga. Sentimita alimsindikiza kwa macho mpaka kwenye kona. Mdogo wake hajawahi kukosa njaa katika nyumba hii. Na zile buti zilikuwa mpya.

Kesho yake Kitinda alikuja na kifurushi kidogo cha karatasi. "Nimekuletea zawadi, kaka. Tepu mpya. Tumia hii, ile ipumzike."

Sentimita alikipokea kwa vidole viwili, akashukuru, akakitia kwenye droo ya cherehani bila kukifungua. Moyoni mwake kitu kilikuwa kimeshakauka. Mtu unamwambia sentimita zimepungua, na kabla jua halijazunguka anakuletea kipimo chake yeye! Alikiona kifurushi kile kama hakimu anavyoiona bahasha iliyoachwa mezani. Anataka nipime kwa tepu yake, alijisemea. Tepu aliyoitafuta yeye, kwa mambo anayoyajua yeye.

Tangu siku hiyo Sentimita hakushona vizuri. Alishona akiwa ameelekeza sikio kiwanjani. Aliona mengi, na kila alichokiona kilikuwa na maana yake. Aliona Nesi akimpa Kitinda chupa ya maji, akaona ni maji ya kirafiki kupita kiasi. Aliwaona wamesimama wawili karibu na lile jiwe, wanazungumza kwa sauti ya chini, Kitinda akinyoosha mkono kuelekea barazani, kisha kuelekea ziwani, kisha barazani tena, Nesi akitikisa kichwa polepole. Sentimita alikohoa. Wakanyamaza wote wawili. Watu wenye mazungumzo safi wananyamazia kikohozi cha nini?

Mama Mkaa, aliyeuza mkaa kwenye njia ya kushukia majini na kuuza habari bure, alimwongezea kuni. Yeye alikuwa na ugomvi wake: ukuta ungepindisha njia na wateja wangempita mbali. "Fundi, mimi sisemi kitu," alisema, na hiyo ilikuwa dalili kwamba anasema. "Ila Kitinda juzi alikuwa anachechemea, leo ana buti za ngozi. Mguu umeponea dukani?"

Sentimita alijibu kwamba hayamhusu. Lakini alikwenda nayo nyumbani, akalala nayo, akaamka nayo.

Lililomchoma si udongo. Kumi na nane ni upana wa mkono uliokunjuliwa, hazimtoshi hata kuku kugeuka. Lakini kama Kitinda alilisogeza lile jiwe, basi yule mtoto aliyemfundisha kuhesabu kwa vifungo vya mashati alimhesabia yeye kwa udanganyifu, na kwa ajili ya mwanamke wa jana tu. Udongo ungerudishwa. Mdogo wake angerudishwa na nani?

Katikati ya wiki Nesi mwenyewe alipanda barazani. "Habari za kazi, fundi. Wenzangu hospitalini wanahitaji sare mpya, wako wanane. Nimewaambia jirani yangu ndiye fundi. Vipimo tumevichukua wenyewe, nimeviandika hapa ili usihangaike kuja hospitalini."

Sentimita aliipokea karatasi. Sare nane, kwa mpigo, wiki ileile. Aliangalia uso wa Nesi akitafuta mahali pa kuingilia, hakupaona. Mwanamke alitabasamu tu, akasifia maua ya mkewe, akaondoka. "Ananifumba mdomo," Sentimita alimwambia mkewe.

"Anakupa kazi."

"Ndiyo wanavyofumba."

Hata hivyo alizikata na kuzishona, sare zote nane, kwa namba zilizoandikwa, na akaapa moyoni kwamba uzi hautamfunga ulimi. Ijumaa ukuta ulipofika mstari wa tatu wa matofali, alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mwenyekiti alikuwa dereva mstaafu wa magari makubwa, mtu wa kukata maneno. Alisema mpima ardhi akiitwa leo atakuja baada ya miezi mitatu, na mvua haziwezi kusubiri kikao, kwa hiyo Jumamosi alasiri watu wakutane palepale kiwanjani, wapime wenyewe, yaishe. Watu walijaa. Wengine walikuwa na malalamiko yao ya njia na upepo, wengine walikuja kwa sababu redio zao zilikuwa na betri mbovu. Nesi alisimama pembeni akiwa na karatasi ya ramani. Kitinda alisimama kwenye mtaro, mwiko mkononi.

Mwenyekiti alimwita Kitinda kwanza. Kitinda alitoa futi yake ya chuma, ile ya mafundi ujenzi inayojikunja yenyewe, akaivuta kutoka ukuta wa jiko mpaka jiweni. Mwenyekiti aliinama kusoma. "Mita sita na sentimita kumi."

"Toa kumi," Kitinda alisema. "Kichwa cha futi kilivunjika, kwa hiyo tunaanzia kwenye kumi. Mafundi wote tunafanya hivyo. Ni sita kamili."

Watu walinong'ona. Sentimita aliingia katikati yao. "Mmesikia? Futi haina kichwa! Ya mwanzo haipo, tunaambiwa tutoe, tuongeze, tukubali. Ndugu zangu, hicho ni kipimo au ni bahati nasibu?"

Mtu alicheka. Sentimita aliilaza tepu yake mara nne mbele ya macho ya wote, akaweka kidole. Tano na themanini na mbili.

"Sasa nani mkweli?" mwenyekiti aliuliza.

"Nitawauliza ninyi," Sentimita alisema. Aliinyanyua tepu juu. "Hii ndiyo ninayowapimia. Nani hapa aliwahi kuvaa nguo yangu ikambana? Nani ikampwaya? Anyooshe mkono."

Watu walijitazama. Mwenyekiti mwenyewe, akiwa ndani ya suruali ya Sentimita, alitia kidole gumba kiunoni na kukitoa. Mama Mkaa alijitazama blauzi. Hakuna mkono ulioinuka, kwa sababu ilikuwa kweli: nguo za Sentimita zilikaa mwilini kama zimeota hapo.

"Tepu iliyowavisha mtaa mzima miaka ishirini," Sentimita alisema, "imeanza uongo leo?"

Kitinda alifungua mdomo. Aliitazama tepu iliyokuwa ikining'inia mkononi mwa kaka yake, akawatazama watu wote wale wakiwa ndani ya mashati na magauni yao, kisha akamtazama kaka yake usoni, kwa muda mrefu. Akaufunga mdomo.

"Nimekosea mimi," alisema. "Jiwe nitalirudisha. Na ukuta nitaurudisha nyuma."

Nesi alimgeukia kama aliyemwagiwa maji. "Fundi, unasema nini? Mbona ulinihakikishia..."

"Nimekosea, mama. Nisamehe."

Sentimita alishinda. Ajabu ni kwamba aliporudi barazani na kuketi kwenye cherehani hakuweza kutia uzi kwenye sindano.

Kitinda aliubomoa ukuta kwa mikono yake kwa siku tatu. Siku ya mwisho alilichimbua jiwe na kulipanda upya sentimita kumi na nane kuelekea ziwani, kaka yake akiwa amesimama juu yake na tepu, akisema "bado, bado, hapo." Hawakusemezana neno lingine. Alipomaliza, Nesi alimshukuru kwa kazi na kumwambia atatafuta fundi mwingine, na alimwambia kwa upole, jambo ambalo liliuma zaidi. Kufikia wiki iliyofuata mtaa ulikuwa umeshampa Kitinda jina jipya. Walimwita Hamisha. Hakupita tena barazani jioni. Sahani yake ya bati ilibaki kabatini, na mkewe Sentimita alipoifuta vumbi alifanya hivyo kwa kelele ili mtu fulani asikie.

"Buti alipewa na Nesi," alimwambia siku moja, bila kuulizwa. "Msumari ulimtoboa mguu, akamfunga kidonda, akampa buti. Mkewe ameniambia. Ungeuliza ungejua."

"Na jiwe?" Sentimita alijibu. "Jiwe nalo lilitobolewa na msumari?" Lakini alilisema bila nguvu.

Fundi mpya alikuja, nyumba ikaanza kupanda. Siku kumi baadaye Nesi alipanda barazani akiwa amebeba mfuko mkubwa, akautua kwenye meza ya kukatia. Zilikuwa sare, zote nane.

"Fundi, sijui niseme nini. Zinapwaya."

"Ipi?"

"Zote."

Sentimita aliichukua ya juu, akaipima, akaangalia karatasi. Kifua tisini na sita, sare tisini na sita. Akachukua ya pili. Sawasawa na karatasi. "Zimeshonwa kama mlivyoandika. Wamekonda."

"Wote wanane?" Nesi aliuliza. "Ndani ya mwezi mmoja? Kwa kipimo kilekile cha vidole viwili?"

Hasira ilimpanda, na kwa mara nyingine aliona njama. Basi tepu yao ya hospitali ndiyo mbovu! Au waliandika uongo makusudi, wamwaibishe, walipize ukuta. "Mtanisamehe, mama, lakini mliopima ni ninyi. Tepu yenu ina walakini."

"Labda," Nesi alisema. Alikuwa amechoka. Aligeuka kuondoka, akasita, akatazama mahali ambapo kuta mpya zilikuwa zimeshafika kwenye madirisha, pana na za kijivu, zikilikata ziwa katikati kabisa. "Unajua, Kitinda alinisumbua sana kuhusu nyumba hii. Kila siku, tukisimama pale kwenye jiwe. Alitaka niisogeze upande, kaka yake asikose maji akiwa kazini. Nilikuwa nimekubali, tulishabadilisha ramani. Huyu fundi mpya hataki mabadiliko, anasema anajenga alichokikuta kwenye karatasi ya kwanza, ile yenye muhuri." Alishuka ngazi. "Sare hizo zipunguze ukipata nafasi. Hakuna haraka."

Sentimita alibaki amesimama. Maneno ya ziwa yalimwingia, lakini aliyasukuma pembeni, maana alikuwa na kesi ya kumaliza: angethibitisha kwamba tepu ya hospitali ni mbovu. Alihitaji tepu ya tatu ya kuwa shahidi, isiyo yake wala yao. Alifungua droo. Kifurushi kilikuwa palepale, chini ya vifungo. Alikichana karatasi. Tepu mpya, nyeupe, bado imejiviringisha kama konokono.

Aliilaza mezani. Kando yake akailaza ile ya manjano, kichwa kwa kichwa. Alizinyoosha kwa kiganja mpaka mwisho.

Nyeupe iliishia kwenye mia na hamsini. Ya manjano nayo iliishia kwenye mia na hamsini, lakini ilipita mbele, ikaendelea, ikaishia vidole vitatu mbele ya mwenzake.

Aliketi. Alielewa yote kwa pamoja, na alitamani asielewe. Kitambaa kinavutika. Yeye, fundi nguo, aliyewaonya wateja mara elfu kwamba kitambaa kinavutika! Ameivuta tepu ile kwenye vifua na viuno vya watu kwa miaka ishirini na mbili, na kila siku ikarefuka kwa unywele. Na hakuna shati lililomwambia. Mtu alipimwa kwa tepu ndefu, kitambaa kikakatwa kwa tepu ileile ndefu, uongo wa mwilini ukakutana na uongo wa mezani, na shati likakaa. Ingeweza kurefuka mpaka mlangoni na mwenyekiti bado angevaa suruali nzuri. Palihitajika namba iliyoandikwa tepu ikiwa mpya, au namba iliyopimwa na mtu mwingine. Karatasi ya Nesi. Ubao wa dirisha la jikoni.

Alitoka na tepu nyeupe mpaka ukuta wa jiko. Aliilaza mara nne. Mara ya nne iliisha kabla hajalifikia jiwe. Zilizobaki alijua ni ngapi kabla hajazipima.

Jiwe halikuwa limesogezwa na mtu. Wa kwanza kulihamisha alikuwa Kitinda, mbele ya macho yake, kwa amri yake. Bado, bado, hapo.

Na ile tepu nyeupe ililetwa lini? Kabla ya mkutano. Kabla ya ukuta. Siku moja tu baada ya yeye kusema kwamba jiwe halifiki. *Tumia hii, ile ipumzike.*

Alimkuta upande wa pili wa mtaa, kwenye ghala lililokuwa likijengwa. Kitinda alikuwa amebeba karai la zege begani, akimpelekea fundi ambaye mwezi uliopita alikuwa chini yake. Mtu mmoja juu ya jukwaa aliita, "Hamisha! Leta!" na Kitinda akaitikia jina hilo kana kwamba alizaliwa nalo.

Aliposhuka alimwona kaka yake. "Shikamoo kaka," alisema, kama siku zote.

Salamu ile ilimkata Sentimita maini. Alitoa tepu mbili mfukoni, akazishika vichwa pamoja, akaziachia zining'inie. Mkia wa manjano ulishuka chini ya ule mweupe.

Kitinda alizitazama. Hakushangaa, na hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote.

"Ulijua," Sentimita alisema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Suruali yangu ya harusi. Dukani walinipima themanini na mbili, wewe ukaniambia hazifiki themanini. Siku moja umesinzia mchana nikailaza kwenye futi ya chuma."

"Miaka yote hiyo! Kwa nini hukuniambia?"

"Ili iweje? Nguo zilikuwa zinakaa, kaka. Hakuna aliyeumia."

"Na siku ya mkutano?"

Kitinda aliweka karai chini, akafuta mikono kwenye suruali. "Siku ya mkutano uliwauliza watu, wote wakakuamini. Nisimame mimi, uliyenishonea kaptula, niseme mbele yao kwamba Sentimita hajui kupima?" Alisema polepole, bila ukali. "Mimi nikiitwa mwizi, napata zege la kubeba. Wewe ukiitwa hujui kupima, utashona nini?"

Sentimita alilia. Alilia amesimama, mbele ya mafundi, bila kujificha, na Kitinda hakujua pa kuangalia, akaangalia buti zake ambazo sasa zilikuwa zimeshachakaa kwa saruji.

"Twende," Sentimita alisema.

"Wapi?"

"Kwa mwenyekiti. Awaite wote, palepale kiwanjani, hakuna wa kukosa. Nitazilaza hizi mbili mbele yao. Na futi yako ya chuma uje nayo."

"Kaka, si lazima. Wameshazoea."

"Mimi sijazoea."

Kitinda alilitazama rundo la zege nyuma yake, kijivu na bichi. "Nina kazi, kaka. Hili likishakorogwa halina subira."

Sentimita alifuta uso kwa mkono wa shati. Alivua koti lake zuri, akalitundika kwenye mti wa jukwaa na tepu zote mbili juu yake, kisha akatafuta karai lingine.

"Yamebaki makarai mangapi?"

"Kama kumi hivi," Kitinda alisema.

Sentimita alifungua mdomo. Akaufunga, akainama, akapokea karai lake.